Rangi ya Peugeot 404 Inaanzia Kwenye Bati

Ukitaka kumpima fundi rangi, usimwombe akuonyeshe gari alilolimaliza. Mwombe akuonyeshe lililo katikati ya kazi: limekwanguliwa, limebaki bati tupu, milango imeegemezwa ukutani na taa zimetolewa. Akikuonyesha bila kusitasita, kaa naye mzungumze. Akianza kukuzungusha kwamba leo hana gari la namna hiyo, muage kwa heshima uende zako. Gari linalong'aa halikwambii kitu. Rangi nzito na polishi vinaweza kulipendezesha bati bovu msimu mzima, na kwa mji wa pwani kama Tanga msimu mmoja unatosha kutu kujipanga upya chini kwa chini.

Nayasema haya kwa sababu tumemaliza juzijuzi kulipiga rangi gari la mjomba wangu, Peugeot 404 ya mwaka 1968, na katika kazi yote ile rangi yenyewe ndiyo iliyochukua muda mfupi kuliko kitu kingine chochote. Watu wananiuliza rangi imegharimu kiasi gani. Rangi haikuwa ghali kivile. Fedha imekwenda kwenye bati, kwenye sehemu ambazo hakuna mtu atakayeziona tena.

Kwa watu wa rika la mjomba, 404 haihitaji kutambulishwa. Ilitoka mara ya kwanza Ufaransa mwaka 1960, umbo lake limechorwa na Pininfarina wa Italia, ina mapezi mawili madogo nyuma na injini ya sentimita za ujazo 1,618 iliyolazwa ubavu. Ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland na mwenzake Chris Rothwell, na Shankland alikuwa mkazi wa Dar es Salaam, kwa hiyo mjomba mpaka leo anausimulia kama ushindi wa kwetu. Mjomba mwenyewe alikuwa karani kwenye shamba la mkonge. Aliweka akiba akainunua ikiwa imeshatumika, na tangu hapo gari hilo limebeba maharusi wa ukoo mzima, limepeleka wagonjwa hospitali ya Bombo, limeshusha magunia ya machungwa kutoka Muheza mpaka springi za nyuma zikalala.

Na lilikuwa limepigwa rangi mara nyingi mno. Kila kutu ilipochomoza ilisuguliwa juujuu, ikafunikwa kwa puti, ule uji mzito wa kujazia mabonde ya bati, ikapigwa rangi nyingine. Kupiga rangi juu ya kutu ni kupaka hina kwenye kidonda: kwa siku chache unaona mapambo, lakini ndani kidonda kinaendelea na shughuli zake. Chumvi ya bahari huvuta unyevu kutoka hewani. Ikishaingia kwenye vishimo vya kutu haiondoki kwa msasa mkavu, inabaki pale pale. Rangi yoyote hupitisha unyevu kidogo kidogo, na chumvi iliyofungiwa chini yake inaukusanya unyevu huo mpaka rangi inafura malengelenge. Halafu lengelenge linapasuka, hewa inaingia, na bati linaliwa kwa kasi kuliko mwanzo. Gari linalolala Raskazone au Chumbageni, mitaa ya hapa Tanga, linapata dawa hiyo kila siku. Kusi ikivuma, pitisha kidole kwenye kioo cha dirisha linalotazama bahari kisha ulambe, utaionja chumvi yenyewe.

Gereji nilizozipitia mwanzoni zilikuwa na jibu moja. Fundi analizunguka gari mara moja, anagonga boneti kwa ngumi, anataja bei. "Wiki moja tu, dada, litatoka kama limeshuka melini leo." Sina ugomvi na mafundi wa barabarani. Wapo wenye mikono ya dhahabu, na wengi wameweka mjini magari ambayo yangekuwa chuma chakavu. Lakini bei ya gari kuukuu inayotajwa kwa kuangalia tu inatisha, iwe ndogo au kubwa. Anayeitaja ama ameshaweka ndani yake hofu yake yote, ukalipia kutu usiyokuwa nayo, ama ataifidia kwa kuruka hatua, na hatua zinazorukika ni zile za chini, zisizoonekana.

Niliyempa kazi ana karakana kubwa upande wa njia ya kwenda Pongwe, yenye oveni, yaani chumba cha kupulizia na kukaushia rangi, na mafundi bodi wake mwenyewe. Ni mtu mzima, mpole, na alipotoka nje hakulitazama gari kwanza. Alisalimiana na mjomba vya kutosha, akauliza limelala wapi miaka yote hii, bandani au nje, karibu na bahari au mbali. Kisha akatoa mfukoni sumaku ndogo aliyoifunga kitambaa ili isikwaruze, akaanza kuitembeza kuanzia kwenye paa. Juu ilinasa. Kwenye boneti ilinasa. Aliposhuka chini ya mpini wa mlango wa nyuma ikaanza kulegea, na alipofika ukingo wa chini ikamdondokea kiganjani.

"Hapa hakuna bati, mwanangu," akaniambia. "Hii ni puti imeshikana na rangi."

Akapiga magoti, akachukua bisibisi, akaisukuma kwa kidole gumba kwenye kizingiti cha mlango. Iliingia mpaka kwenye mpini, na haikutoa hata sauti. Mjomba akageuza uso.

Ndipo nikauliza bei, na jibu lake ndilo lililonifanya nimwachie funguo. "Nikikutajia bei ya kazi nzima sasa hivi, nitakuwa nakudanganya wewe au najidanganya mimi. Nilipe ya kufungua na kukwangua. Tukishaliona bati, tutakaa tena na mzee. Nyumba njema si mlango, mwanangu."

Malipo tukayapanga hivyo hivyo, kwa hatua na kwa maandishi: ya kukwangua, ya bati, ya praima (ile rangi ya kwanza inayoshika bati) na usawazishaji, kisha ya rangi. Kila hatua niliilipia baada ya kuiona kwa macho. Anayetaka fedha yote mwanzoni, au anayekubali kazi yote kwa mkopo kisha anashikilia gari, wote wawili wanatafuta ugomvi.

Karakana ya kweli inalivua gari. Bampa, taa, vioo, mipira ya vioo, nembo, viti, vitasa, vyote vinatoka, na kila boliti inaingia kwenye mfuko wenye maandishi. Njia ya mkato ni kubandika gazeti na tepu kuzunguka kioo na kupulizia pembeni ya mpira. Inaokoa muda mwingi, na uharibifu unaanzia hapo hapo: chini ya mpira kunabaki rangi ya zamani, uchafu na kutu, na ukingo wa rangi mpya umeachwa wazi. Rangi inaanza kubanduka kwenye ukingo huo na maji yanaingia humo. Ukimuuliza fundi kama atatoa vioo na akakwambia hakuna haja, umeshapata jibu la mambo mengine yote ambayo hukuuliza.

Kukwangua nilikwenda na mjomba kutazama. Walitumia dawa ya kubandulia rangi, vikwangulio na msasa wa maji, si grenda kavu. Rangi za zamani ziliweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto, kwa hiyo waliloanisha, wakafagia kukiwa na maji, wakazoa takataka zote kwenye mifuko. Niliuliza kuhusu kupuliza mchanga, maana wengi wanausifu. Fundi akasema chuma kinene kama cha ekseli sawa, lakini paa na boneti ni bati jembamba, nguvu ya mchanga inalikunja na halirudi tena. Na wapo wanaochota mchanga wa ufukweni. Yaani unatoa kutu kwa kitu kilicholowa chumvi.

Ubavuni, pale msasa ulipopitishwa kwa kulegeza mkono, tabaka zilijichora duara ndani ya duara. Nyeupe, kisha bluu iliyoiva, krimu, nyeupe nyingine, praima nyekundu kama udongo, halafu katikati kabisa kijivu chenye ubuluu kwa mbali. Mjomba alisimama hapo muda mrefu na fimbo yake. Akaanza kutaja: hii ya harusi ya dada yako mkubwa, hii baada ya kugongwa na lori la mkonge, hii niliipiga ili niiuze, na aliyetaka kununua akaghairi. Alipofika katikati akasema, "Hii ndiyo niliyoinunua nayo, mama. Nilishaisahau."

Bati lilipobaki wazi, habari haikuwa nzuri, lakini ilikuwa ya kweli. Vizingiti vyote viwili vilikuwa vimeliwa, sakafu upande wa dereva ilikuwa na matobo, na chini ya milango kulibaki ganda. Gari hili halina chesesi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito wote, na vizingiti ni sehemu ya mifupa hiyo. Kwa hiyo kabla hawajakata chochote walichomelea nondo za muda kuvuka nafasi za milango, bodi isije ikalegea katikati na milango ikakataa kufunga maisha yake yote. Niliziona nondo zile nikajua fedha yangu iko mahali salama. Kizingiti kinaweza kufunikwa kwa bati jipya juu ya bovu, kikapakwa rangi, na usijue mpaka siku ya ajali.

Walikata mpaka kwenye bati zima, wakachomelea vipande vya unene ule ule. Palipokuwa na vishimo vya kutu bila tobo, walisugua kwa brashi ya waya, wakaosha kwa maji safi, wakasugua, wakaosha tena, kisha wakakausha papo hapo kwa hewa ya moto. Kuosha chuma kitupu kwa maji kunaonekana wazimu, lakini chumvi inayeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye thina. Fundi wa pwani asiyejua hilo anaifungia chumvi ndani kwa mikono yake.

Siku ile ile bati likapigwa praima ya epoksi. Bati tupu halilali wazi Tanga. Asubuhi utalikuta limeshaanza wekundu. Puti ikaja juu ya epoksi, si chini yake, na nyembamba, haizidi milimita tatu. Puti hufyonza maji, ndiyo maana haisuguliwi kwa maji na haiachwi wazi kwenye unyevu. Gari unaloliona limeegeshwa mtaani wiki nzima likiwa na mabaka ya puti na praima ya kawaida, likinyeshewa, linakunywa maji yatakayotoka baadaye kama malengelenge. Kuna mtu atalipia hayo.

Kusawazisha ndiyo kazi niliyoipenda kuitazama. Wanapuliza vumbi jepesi la rangi nyeusi juu ya praima nzima, kisha wanasugua kwa msasa uliozungushwa kwenye bao refu, mkono ukienda mshazari, huku na huku. Panapobaki weusi pana bonde. Panapotokea bati haraka pana kilima. Kijana aliyekuwa kwenye mlango alikuwa akifumba macho na kupitisha kiganja juu ya kitambaa chepesi cha pamba, akasimama mahali ambapo mimi sikuona wala kuhisi chochote, akaweka alama ya chaki. Aliposugua, weusi ukabaki hapo hapo, kipande cha ukubwa wa sarafu.

Kwenye uchaguzi wa rangi tulibishana, na nyumbani pia. Binamu zangu walitaka rangi ya lulu yenye vimetameta na klia juu, lile tabaka la mwisho linaloonyesha kama kioo. Nilikataa na nitaendelea kukataa. Gari hili lilizaliwa na rangi moja isiyo na vimetameta, na uzuri wa umbo lake, ule mkunjo mkali unaotoka taa ya mbele mpaka kwenye pezi la nyuma, unaonekana vizuri zaidi kwenye rangi tulivu. Klia inahimili jua zaidi, hilo ni kweli, lakini inatoa kina cha kioo ambacho magari ya miaka ile hayakuwa nacho. Rangi ya tabaka moja ya siku hizi, ya kuchanganywa na hadina, dawa ya kuifanya rangi iwe ngumu, ni imara, na ikififia unaipiga polishi moja kwa moja. Tukarudi kwenye kijivu cha katikati ya duara. Nyuma ya dashibodi kulikuwa na sehemu ambayo haikuwahi kuona jua wala brashi. Waliisugua polishi, wakaipima kwa mashine ya kusoma rangi, wakapuliza kadi za majaribio, tukazitazama juani, kivulini na jioni kabla ya kukubali moja.

Kadi ya gari ilikuwa imeandikwa nyeupe. Anayebadilisha rangi asisahau kwamba TRA, mamlaka ya mapato, wanapaswa kujua na kadi irekebishwe. Trafiki akilinganisha kadi na gari usianze kumsimulia habari za mjomba.

Kuhusu oveni, wengi wanadhani ni anasa. Kazi yake ya kwanza ni hewa safi: inaingia juu kupitia vichujio, inashuka, inatoka chini na ukungu wa rangi, vumbi na mbu. Kazi ya pili ni joto, kama nyuzi 60 kwenye bati kwa nusu saa, rangi ikauke kabla unyevu wa Tanga haujaifikia. Unyevu ukizidi wakati thina inaruka, bati linapoa, maji yanatua juu ya rangi mbichi na mng'ao unafifia kuwa kama maziwa. Hata bomba la kompresa linahitaji kichujio cha maji, maana hewa yetu ikibanwa inatoka na matone. Siku moja ya mwishoni mwa masika mvua ilikuwa imekata lakini hewa nzito, na fundi akaahirisha. Sikulalamika hata kidogo.

Lakini sababu yangu kubwa ya kutaka karakana yenye oveni ni watu, na hapa naomba tusikilizane. Hadina ya rangi hizi ina kemikali ziitwazo aisosayaneti. Zikivutwa zinaweza kumpa mtu pumu, na akishapata mzio wake, hata kiasi kidogo sana kinaweza kumbana kifua maisha yake yote. Kitambaa puani hakizuii. Barakoa ya karatasi haizuii. Kinachotakiwa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje, nguo ya kufunika mwili mzima na glavu. Nimewaona vijana mtaa wa Ngamiani wakipulizia rangi ya hadina kifua wazi, uwanja umejaa watoto, na wenye magari wamekaa kwenye benchi wakisubiri. Kijana yule hajaambiwa. Mwenye karakana anajua, na sisi wateja tunaopunguza bei mpaka barakoa inakuwa hasara tunapaswa kujua. Nilipoingia karakana ya Pongwe nilitazama barakoa kabla ya kutazama oveni. Zilikuwa zimetundikwa, zimechakaa kwa kutumika, na kwangu uchakavu ule ulikuwa ushahidi.

Siku ya kupokea gari, usipokee jioni wala kwenye kivuli cha mwembe. Niliomba litolewe juani, kisha turudi ndani tulipitishie taa ndefu ya mrija ubavuni. Mstari wa taa ukinyooka, bati limenyooka, ukitetemeka, uliza. Mlango mmoja ulikuwa na vibonyobonyo vingi kama vya ganda la chungwa kuliko wenzake, na chini ya pezi la kushoto rangi ilikuwa imechuruzika kidogo. Sikugomba. Nilionyesha, fundi akainama, akasema, "Umeona sawa, mwanangu, lile ni la kwetu." Mchuruziko ukasuguliwa kwa msasa namba 1,500, kisha 2,000, ukapigwa polishi. Mlango wakaupuliza upya. Hawakudai shilingi juu yake, na imo kwenye karatasi tuliyosaini.

Wamenipa pia kopo la rangi iliyobaki, namba ya mchanganyiko wake, na picha za kila hatua, zikiwemo za vizingiti vikiwa vimekatwa. Hizo picha nazithamini sana, kwa sababu atakayelinunua gari hili siku moja, kama yupo, ataona kilichomo ndani.

Kwa sasa linaoshwa kwa maji baridi na sabuni laini tu. Nta itasubiri mpaka rangi ikomae kabisa. Ndani ya vizingiti vipya wamepuliza nta ya kuzuia kutu kupitia matundu madogo yenye vizibo vya mpira. Kila mlango una matundu ya kutolea maji chini, na kwenye milango ya zamani yote yalikuwa yamezibwa kwa puti, maji yakakaa humo miaka. Safari hii yameachwa wazi. Nimempa mjomba kipande cha waya wa kuyazibulia na ndoo ya maji ya bomba ya kulisuuza tumboni kila akirudi kutoka Raskazone, na amekubali, ila kwa sharti kwamba kuendesha ataendesha yeye.